Mistari Mitupu ya Jiwe la Mwisho

Katika miaka ya vita vya pili vya nchi yetu nilikuwa Butembo, upande wa mashariki, nikifundisha fizikia, na muda uliosalia niliutumia kuhifadhi mwanga wa mawe. Nasema mwanga kwa maana yake halisi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilikuwa nimepima, kwa darubini iliyojengwa juu ya mlima, sayari ndogo zizungukazo jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Jiwe la aina hiyo halina mwanga wake. Hurudisha ule wa jua, baada ya kumeza sehemu kulingana na madini yaliyomo. Ukiugawanya mwanga wake kwa mwanga wa nyota inayofanana na jua letu, kinachobaki ni tabia ya jiwe lenyewe. Matokeo huandikwa katika safu tatu: urefu wa wimbi, kiasi cha mwanga uliorudishwa, na kosa linaloweza kuwamo katika kipimo.

Hifadhi moja ya kisayansi ilikubali kuvipokea vipimo vyangu, ili wengine wavitumie hata baada yetu, mradi vifike kwenye disketi. Kanda za sumaku nilizorudi nazo hazikuwa na mashine ya kuzisoma. Nilichokuwa nacho ni majedwali yaliyochapwa kwenye karatasi, nayo yalikwisha kuanza kuliwa na unyevu.

Mdogo wangu, aliyenifuata mara moja kwa kuzaliwa, alifundisha hesabu Beni, na ofisi ya misheni pale ilikuwa na kompyuta na jenereta. Wakati wa likizo niliteremka kwake, tukafanya kazi pamoja. Mimi nilisoma, yeye alichapa. Kisha yeye alisoma alichochapa, nami nilifuata kwa kidole kwenye karatasi. Tulijiwekea sheria mbili: namba isiyosomeka haikisiwi, na mstari haurukwi.

"Yaya," aliniambia siku moja bila kuinua macho, akiniita kama kwetu mdogo amwitavyo mkubwa wake, "haya mawe yako, mutu anaweza kujengea nyumba?"

"Andika tu, mwalimu. Nyumba utajenga na mushahara."

"Mushahara? Ile iko mbali kupita mawe yako."

Disketi ya kwanza ilipelekwa Kampala na mfanyabiashara mmoja wa kanisa letu, na kutoka huko ikasafiri kwa ndege. Jibu lilikawia sana. Mtunzaji wa hifadhi aliandika kwa adabu kwamba programu yake haikuweza kusoma hata namba moja. Sote wawili, tuliofundishwa hesabu kwa Kifaransa tangu utoto, tulikuwa tumetenga desimali kwa mkato mahali ambapo wao huweka nukta, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu yoyote.

"Bamekataa virgule yetu," alisema mdogo wangu, aliyekuwa amepanda Butembo kumsalimu mama, akacheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. "Lakini ile si kitu. Nitasahihisha yote. Leta na zile karatasi za mwisho, nazimaliza kule kule."

Akarudi Beni na karatasi zile. Hazikuwa na nakala.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kwa padri aliyesimamia ofisi ile. Mdogo wangu alisahihisha mikato yote. Akachapa mawe yaliyobaki, mpaka akafika katikati ya jiwe la mwisho, kwenye namba ambayo unyevu ulikuwa umeifuta nusu. Akasimama hapo. Alimwambia padri kwamba Jumamosi angepanda kumsalimu mama, na kwamba angeniuliza mimi, niliyekuwa nimelipima jiwe lile. Akaiacha disketi kwenye meza ya ofisi, akazitia karatasi katika mkoba. Gari alilopanda lilishambuliwa kabla ya kufika Butembo. Mwili wake uliletwa nyumbani. Mkoba haukuletwa.

Padri aliniletea disketi wakati wa matanga. Niliifungua majuma kadhaa baadaye. Kila kitu kilikuwa safi, nukta kila mahali pake. Jiwe la mwisho lilikatika kabla tu ya bonde la grafu yake, pale mwanga umezwapo zaidi, ambalo ndilo hutambulisha madini yake.

Nililikumbuka bonde hilo. Nilijua jiwe ni la kundi gani, na ningeweza kuuchora mkunjo uliobaki bila mtu yeyote kutilia shaka. Mtunzaji, nilipomweleza, alipendekeza njia nyingine: kuliondoa jiwe hilo kabisa, mkusanyiko ubaki mzima. Kwa muda mrefu sikuweza kuchagua. La kwanza lilikuwa uongo. La pili lilikuwa kumwondoa mdogo wangu.

Kwetu Wanande, mtoto huitwa kwa nafasi yake ya kuzaliwa: wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na kuendelea; mdogo wangu alikuwa wa nne. Siku ya kufunga matanga, mchungaji, mgeni katika mtaa wetu, alimwombea mama na watoto wake watano. Mama alingoja amina, kisha akasema kwa sauti ya kawaida:

"Hapana, pasta. Mimi nilizala batoto sita."

"Ndiyo, mama. Nilisema benye kubakia."

"Akufe, akuwe muzima, ule iko wa ine. Huyu wa tano, utamuita wa ine sasa?"

Mchungaji akaomba upya, kwa sita. Maneno yale niliyasikia kama mfiwa tu. Miezi ilipita kabla sijayasikia kama mtunza vipimo.

Urefu wa mawimbi niliujua, kwa kuwa chombo kilikuwa kimoja kwa mawe yote. Niliuandika wote, mstari kwa mstari, hadi mwisho. Mahali pa mwanga na pa kosa niliweka ile namba hasi ambayo hifadhi huitumia kuonyesha kipimo kisichopo, kwa kuwa hakuna jiwe linaloweza kurudisha mwanga chini ya sifuri. Katika maelezo niliandika kwamba karatasi asili ilipotea njiani kati ya Beni na Butembo pamoja na aliyekuwa akiinakili. Mtunzaji aliipokea disketi bila kubadili neno.

Miaka mingi baadaye mwanafunzi wa nchi ya mbali aliniandikia. Alikuwa akilichunguza jiwe lile, na aliuliza kama vipimo vilivyokosekana vingeweza kupatikana popote, na kama sivyo, je, angeruhusiwa kuifuta mistari ile katika nakala yake ili mkunjo upendeze. Nilimjibu kwamba havipatikani. Kuhusu mistari, nilimwomba aiache ilipo.