Kuku wa Juliena na Hukumu Yangu ya Nusu kwa Nusu

Siku ya pili ya juma, mwezi wa kumi na moja. Mvua imeanza tangu asubuhi na haijakata. Barabara iko matope matupu, na moshi wa jikoni unalala chini badala ya kupanda.

Inanirudia siku moja ya mvua kama hii, mwanangu, na ni wewe uliyeirudisha. Asubuhi ulikuja ukakaa karibu na kitanda changu, ukaniomba nikate maneno kati ya mama yako na mke wako. Mama yako anataka kuku walale kwenye kibanda cha juu huko nje. Mke wako, kwa kuwa ametoka vilima vya Rubaya, anataka walale ndani ya nyumba. Ukaniambia, "Papa, wewe njo muzee, sema moja tuikamate." Nilikohoa, nikaangalia mvua. Usifikiri nilidharau swali lako. Mdomo wangu una tabia ya kukimbia mbele ya akili, na kalamu angalau inanisubiri. Nilisoma kidogo tu kwa misioni, kiasi cha kufuata katekisimo na kuandika jina langu. Mengine nilijifundisha mwenyewe. Ukiona makosa, vumilia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni. Mwaka wenyewe siwezi kuapa. Nilikuwa kantonye, mmoja wa wale waliokata majani na kuziba mashimo kwenye barabara ya Kisangani, na nilikuwa nimeoa juzijuzi. Mama yako Juliena alikuja kwetu kwa miguu pamoja na ndugu zake, wakishuka kutoka Bihambwe, kule Masisi, mpaka huku kwenye pori letu la Walikale. Kichwani alibeba kitunga, na ndani ya kitunga kuku mmoja wa madoa meusi na meupe. Mama yake alikuwa mjane, na huyo alikuwa kuku wake bora wa mayai. Mbuzi za mahari ni mambo ya wanaume, zilikwisha kuzungumzwa huko kwao. Kuku alikuwa neno la mama kwa mtoto wake, hakuna mwingine aliyeingia ndani.

Jioni moja tukiwa wawili, Juliena aliniambia bila hasira: "Yosefu, hii kuku njo mama yangu huku kwenu. Siku itapotea, miye narudia kwetu."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na mimi nikaacha kucheka.

Sasa sikiliza namna mambo yalivyoanza. Juliena alimfunga kuku wake mguu kwa kamba ya magome, akaifungia kwenye mguu wa kitanda chetu, karibu na moto. Mle ndani ndimo kuku alimokula, akalala, na baadaye akaanza kuatamia mayai yake. Mama yangu, yaani nyanya yako, alikuwa na kuku wake kwenye kibanda kilichosimama juu ya miti minne, pembeni ya kiwanja. Mchana mlango wa kibanda uko wazi, kuku wanatembea wanapotaka. Jioni anafunga mlango wa mianzi kwa sababu ya kanu, yule mnyama wa madoa na mkia mrefu anayenyonya damu ya kuku na kuacha mizoga. Kisha anazunguka na sahani ya majivu, anamwaga chini ya kila mti. Nilimwona akifanya hivyo tangu utoto wangu na sikuwahi kumwuliza sababu. Hilo nalo liandike juu yangu.

Siku za kwanza mama alipita tu, akaona kamba, akasema, "Mutoto wangu, hapa kwetu hatufungake kuku."

"Ndiyo, mama," Juliena akajibu, kwa heshima kabisa. Kesho yake kuku alikuwa bado amefungwa.

Mama akaanza kunitania mimi badala ya kumwambia yeye. "Mukwe wangu anafunga kuku sawa mbuzi. Kesho utaisikia inalia meee." Juliena naye, nikimwuliza, alisema tu, "Iache ifungwe. Iko vizuri." Mama akaongeza kwamba watu wa usafi wanapita kwenye nyumba za barabarani, wakikuta mavi ya kuku chini ya kitanda nitajibu nini mimi kantonye. Chakula kililetwa, lakini kila mmoja alikuwa ananiambia mimi maneno ya kumpelekea mwenzake, na wote wawili wako kwenye kiwanja kimoja, wanaonana.

Nitasema kweli yote, maana nimeanza. Nilifikiri vibaya juu ya wote wawili. Nilifikiri Juliena anafunga kuku ili asichanganyike na kuku za mama, mayai yasije yakapotea. Nilifikiri mama anakataza kamba ili ionekane ni yeye anayetawala kiwanja. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliyatunga mwenyewe nikiwa napiga jembe barabarani, na kwa kuwa niliyatunga kwa wote sawasawa, nikajiona mtu wa haki.

Basi nikakata maneno. Nilisema kuku atahamia kwenye kibanda cha mama pamoja na mayai yake: hapo mama amepata. Lakini atabaki na kamba mguuni: hapo Juliena amepata. Nikambeba mimi mwenyewe, nikampangia majani makavu kwenye kona ya kibanda, nikaifunga kamba kwenye mwanzi. Fundo nililikaza vizuri. Nilikuwa nimefurahi sana siku ile.

Mama aliangalia kamba, akaangalia pori nyuma ya kibanda, akasema, "Haya. Wewe njo mwenye nyumba." Juliena alifagia pale kuku alipokuwa amelala.

Siku chache zikapita salama. Mayai yalikuwa yamekaribia kutotoa. Ukiweka sikio unasikia kitu kinagonga ndani. Halafu ikaja mvua kubwa ya mchana, sawa hii ya leo. Ilipopungua, mkubwa wetu wa barabara alituruhusu kurudi. Juliena alikuwa kwenye kijito analoweka muhogo. Mama alikuwa jikoni.

Nilipofika kwenye kona ya kiwanja nikasikia kuku wanapiga kelele, na kuku za mama zikatoka mlangoni zikiruka moja nyuma ya nyingine, zikapanda kwenye mti wa musafu. Nikatafuta kwa macho kanu, nikatafuta nyoka. Ndipo nikaona mti mmoja wa kibanda umekuwa mweusi na unatembea. Siafu. Mvua ilikuwa imesafisha majivu yote, nao walikuwa wametoka porini kwa mstari mnene kama mkono wangu, wanapanda. Ndani ya kibanda kuku mmoja tu alikuwa amebaki, anapigapiga mabawa, na kamba inamrudisha.

Mimi nilifanya nini? Nilikimbilia jikoni kutafuta moto. Sijui mpaka leo kama ilikuwa akili ao woga. Wakati napuliza majani makavu yawake, mama alinipita mlangoni na kisu. Aliingia katikati ya siafu miguu wazi, akageuza kinu akapanda juu yake, akakata kamba, akamtupa kuku mbali kwenye kiwanja. Nilifikiri atashuka. Akavua kitambaa cha kichwa, akakunja mayai ndani, ndipo akashuka.

Juliena akatokea kwenye njia ya kijito wakati huohuo. Alimwona kuku wake analala ubavu kwenye matope, siafu wakiwa bado wamemshika machoni. Alimwona mama anatikisa miguu. Mwanangu, nilisimama pale na majani yangu yanayowaka, nikijua kwamba yatakayotokea sasa ndiyo yatakayonipa mke ao kuninyima. Akaangusha muhogo. Hakuenda kwa kuku. Alienda kwa mama, akamshika kiuno, akamkalisha jikoni, akaanza kumng'oa siafu mmoja mmoja kwenye miguu na mapaja. Unajua namna wanavyouma: mwili unakatika, kichwa kinabaki kwenye nyama.

Kuku nilimchukua mimi. Angalau hilo nilifanya.

Halafu Juliena akauliza, bila kuinua kichwa, "Mama, juu ya nini haukuniambia kama siafu inapitaka hapa?"

"Ningekuambia namna gani?" mama akasema. "Umefika juzi. Mutu anakuja mugeni, unaanza kumuhadisia siafu inayokula kuku ndani ya nyumba, inayokula mutoto wa mbuzi kwenye kamba? Ungesema huyu mumama ananitisha nirudie kwetu. Nikanyamaza." Akaguna, maana siafu mmoja alikuwa mkaidi. "Na wewe, kamba ilikuwa ya nini?"

"Kwetu, kuku ya bibi-arusi haigusake chakula ya mukwe. Wewe unaanikaka mupunga na muhogo kwenye kiwanja. Niliogopa itachakura, watu waseme huyu amekuja na kuku ya kutuharibia." Kisha akasema polepole, "Na mwewe vilevile. Kule juu, kuku ikienda mbali na mulango, mwewe inaibeba."

Mama akamwangalia. "Mupunga? Kuku zangu zinakulaka ile mupunga kila siku. Ya kwako ingekula punje ngapi?"

Ndipo wote wawili wakageuka, wakaniona mimi mlangoni, kuku mkono mmoja, na mkono wa pili majani ambayo yalikuwa yamekwisha kuzima.

"Na wewe, Yosefu," mama akasema. "Juliena alikuwa na sababu. Miye nilikuwa na sababu. Wewe ile fundo ulifunga kwa sababu gani?"

Nilisema nilitaka kila mtu apate nusu.

"Ukamuweka kwenye kibanda yangu na kamba, hawezi kuruka; ukamuondosha karibu na moto ya bibi yako, kwenye macho ya watu. Ulichukua ya huyu, ukachukua ya huyu, ukaacha ile ingemulinda." Hakupandisha sauti. "Kuku haigawanywe nusu, mwanangu."

Juliena alimchukua kuku mikononi mwangu. Jicho moja lilikuwa limekwisha. Akasema, "Hii imegawanywa. Tazama, imebakia na nusu ya macho yake." Mama akaanza kucheka, na kwa kuwa miguu ilimuuma alikuwa anacheka na kulia pamoja. Tangu siku ile nikawa Papa Nusu. Unafikiri jina hilo lilitoka barabarani, kwa wale makantonye wenzangu. Hapana. Lilitoka jikoni.

Mzigo wa Juliena haukufungwa. Mayai mengine yalikuwa yamekufa, mengine yalitotoa ndani ya kile kitambaa karibu na moto, na yule kuku wa jicho moja aliwalea watoto wake akigeuza shingo kila upande, kama mtu anayesikiliza. Kamba hakuvaa tena.

Sasa, mwanangu, nikuambie kile ninachoweza. Sitasema moja. Najua hutafurahi. Lakini mimi sijui kwa nini mke wako anataka kuku ndani, na wewe pia hujui, maana nilikuuliza asubuhi ukasema, "Njo desturi yao." Pengine anaogopa wezi. Pengine kule Rubaya kanu anafungua milango. Pengine ni baridi ya vilima tu, na huku haina kazi. Nenda ukamwulize, na mama yako awe amekaa pale anasikia. Kisha mwulize mama yako, na mke wako awe anasikia. Usibebe maneno ya mmoja kwa mwenzake kama mimi. Njiani yanaharibika hata ukiwa mtu mwema. Ukisikia sababu zote mbili, pengine hutahitaji mwamuzi. Na kama itabidi kuchagua, chagua njia moja nzima, na umheshimu yule ambaye yake haikuchaguliwa.

Yale ya kuku nayajua kidogo zaidi. Anayeatamia asifungwe mguu, hata kwa saa moja. Mvua ikikata, kabla ya kufanya lolote, zunguka na majivu mapya, maana yale ya jana yamekwenda na maji. Majani ya nyuma ya kibanda yakatwe, kanu hapendi kuonekana. Vifaranga wafunikwe na kitunga mchana, mwewe hata huku yuko. Na mlango ufungwe kukiwa bado na mwanga, usingoje kukumbuka ukiwa umelala. Ikiwa nimesahau kitu, mama yako atakusahihisha, yeye anajua kuliko mimi.

Mungu aipe nyumba yako watu wanaoulizana. Akulindie mke wako asijione mgeni, na mama yako asijione amesahauliwa. Watoto watakaokuja wakute kuku kwenye kiwanja, na amani jikoni.

Jioni. Mvua imekata saa kumi na moja. Nilikuwa namaliza kuandika hapo juu nikasikia sauti nje, nikachungulia. Mke wako alikuwa anamwaga majivu chini ya kibanda, mama yako anamshikia sahani na kumhadisia jambo, na yule msichana anacheka mpaka anakaa chini. Najua ni jambo gani. Basi wamekwisha kuulizana bila mimi na bila wewe.

Tumekula bugali ya muhogo na sombe, majani ya muhogo yenye mawese mengi. Mkwe wangu aliniwekea bugali, nikaona imekatwa katikati, nusu tu kwenye sahani. "Papa, hii njo sehemu yako," akasema, na uso hauna hata kicheko. Mama yako akageukia ukuta. Nilianza kula. Ndipo akaleta ile nusu ingine, yenye moto bado, akaiweka karibu na mkono wangu.