Mtoto wa Kinyonga Hafi Kwangu

Sina cha kuomba radhi. Nianze hapo, maana kila ninaposimulia habari hii kuna mtu hunikatiza na kuniuliza, "Lakini kwa nini kinyonga?" kana kwamba ningefuga kitu kingine ningeonekana mwenye akili zaidi. Jirani yangu anafuga njiwa wanaozinyea nguo zake kambani kila siku, na hakuna anayemuuliza neno.

Tunaishi Kitale, katika ploti ya milango sita yenye bomba moja uani. Mwenye ploti alileta watu wakate uzio wa siprasi, na katika matawi yaliyoanguka akatokea kinyonga mchanga, urefu wa kidole changu cha shahada. Wanawake walipiga mayowe. Mmoja alikimbilia ndani kuleta mafuta ya taa, mwingine akaitisha kibiriti. Mimi nimekulia Bungoma. Niliwaona wavulana wa kwetu wakimtia kinyonga tumbaku mdomoni, kisha wakicheka akitetemeka na kubadilika rangi mpaka anakufa. Nilikuwa mdogo wakati ule na sikuwa na la kufanya. Sasa nilikuwa mtu mzima ninayelipa kodi ya nyumba kama wao. Nilimwekea kijiti mbele ya miguu, akapanda, nikapita naye katikati yao hadi mlangoni kwangu.

"Huyo akikufia kwa nyumba, usikuje kulilia kwetu," akaniambia mama wa mlango wa tatu.

"Hafi," nikamjibu. "Kwangu hafi."

Yalikuwa majivuno matupu. Sikujua hata anakunywaje maji.

Mume wangu ni mwalimu wa hisabati, mtu wa kifua kipana ambaye wanafunzi hunyamaza wakisikia viatu vyake. Jioni ile alifungua mlango, akamwona mgeni wetu juu ya pazia, akarudi nje. Nilimsikia akiwa uani akiniuliza kwa sauti ya upole kama ningependa tule chakula cha jioni hotelini.

Mwanzoni kinyonga alikula nzi vizuri. Nilimsimikia tawi ndani ya ndoo ya udongo, nikaiweka kando ya dirisha apate jua kupitia kioo, nikamtilia maji katika kifuniko cha chupa. Niliona nimemaliza kazi. Kisha akaanza kulala mchana. Kinyonga mzima halali mchana. Macho yake huzunguka, moja likitazama huku na lingine kule, kama mama mboga anayechunga wateja na askari wa kaunti kwa wakati mmoja. Wangu aliyafumba, nayo yalikuwa yamezama ndani. Ile rangi yake ya kijani ikafifia, ikawa nyeusi nyeusi. Nzi alimpita mbele ya pua asimjali. Lakini kilichonitisha hasa ni miguu. Alianza kuteleza kwenye tawi, na asubuhi moja nikamkuta sakafuni amelala ubavu, mdomo wazi kidogo. Nilimwokota kwa viganja viwili.

Nilimpeleka agroveti, duka la dawa za mifugo mjini, ndani ya kikapu. Muuzaji alichungulia, akaruka nyuma, kisha akawaita wenzake waje wachungulie na wao waruke.

"Madam, sisi hapa ni mambo ya ng'ombe na kuku," akasema alipopata pumzi. "Hii si mnyama, bana. Hii ni balaa."

"Ni mgonjwa."

"Si basi umwache akufe?"

Nilimwambia siku atakayougua yeye, nitakuja nisimame mlangoni kwao niulize swali hilohilo. Wateja walicheka. Mimi sikucheka. Nilitoka na kikapu changu, nikatembea hadi nyumbani nikizungumza peke yangu barabarani, na aliyenishangaa alishangaa bure.

Wiki ileile nilipaswa kwenda Bungoma kumchukua mama yangu, ambaye alikuwa na miadi kadhaa ya macho hospitalini Kitale. Nikaenda na mgonjwa wangu, kwa sababu nyumbani sikuwa na wa kumwachia. Pale Bungoma kuna daktari wa mifugo, mwanamke wa rika langu. Nilimkuta karibu na soko akivua mabuti yenye matope. Naye alicheka, sikatai. Lakini alipomaliza kucheka alinawa mikono akasema, "Lete nione."

Alimgusa taya kwa ncha ya kidole. Akamwacha amshike kidole kile, akatikisa kichwa.

"Maji unampatia na nini?"

"Na kifuniko cha chupa."

"Hiyo yeye haioni kama maji. Huyu anakunywa tone kwa majani, ile ya umande. Na jua?"

"Anakaa dirishani."

"Jua ya kioo haimsaidii. Guza hapa, hii mfupa imeanza kuwa laini." Kweli, taya ililegea. "Mtoe nje kila asubuhi, akiwa na kivuli cha kukimbilia. Mdondoshee maji kwa majani, polepole, mara mingi kwa siku. Ganda ya yai saga iwe unga, upake kwa panzi. Na usimlazimishe kula kabla hajakunywa."

"Atapona?"

"Angalia mikono. Akiendelea kushika, ako na nafasi. Akiachilia, pole."

Nilishukuru. Nilikuwa na hasira pia, kwa sababu wiki zote hizo nilikuwa nimemkausha mwenyewe huku nikiwatukana waliotaka kumchoma. Lakini hasira ya namna hiyo haidondoshi maji. Nikapanda matatu kurudi Kitale, mama upande mmoja na kikapu upande mwingine, na mama alipojua kilichomo aliomba kubadilishana kiti na mtu wa nyuma.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu mama na mume wangu. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali meza moja, na mama haingii katika nyumba ya mkwe wake, sembuse kulala humo. Wanaiita heshima. Mimi naiita kazi, kwa sababu mpeleka habari ni mimi. Mama alilala mlango wa pili, kwa jirani wa dhehebu lake. Mume wangu akitaka kwenda bombani alikohoa kwanza. Mama akisikia kikohozi alijitanda leso kichwani na kugeukia ukuta. Kisha mama huniambia, "Mwambie mkwe ile mchuzi ilikuwa tamu," na mkwe amesimama pale, akinyoosha mkono angemfikia. Nami hugeuka: "Mama anasema mchuzi ulikuwa mtamu." Naye, akiangalia mabati: "Mwambie mama asante." Miaka yote ya ndoa yetu wameishi hivyo, na kila mmoja aliniambia faraghani kwamba mwenzake ni mtu mzuri sana.

Mimi huuza misumari na rangi katika duka la hadiweya, kuanzia asubuhi hadi jioni. Ilikuwa likizo ya shule, kwa hiyo mchana waliobaki nyumbani ni hao wawili. Mume wangu alikubali kuitoa ndoo nje na kuirudisha. Aliibeba mikono ameinyoosha, uso ameugeuza pembeni. Lakini kudondosha maji kulimshinda. Alisimama mbali ameshika birika, akamwagilia kama anayemwagilia sukuma wiki, na kinyonga nusura azame. Basi nikamwendea mama.

"Mimi?" akasema. "Mimi kwanza siwezi guza hiyo kitu. Unajua alitufanyia nini?"

Nilijua, lakini alinisimulia tena. Kwamba zamani watu hawakuwa wakifa. Kwamba siku moja mtu alikuwa anakula nje ya nyumba yake, kinyonga akaja akamwomba chakula. Mtu akamfukuza. Akaomba tena, akafukuzwa tena. Ndipo kinyonga akasema, kuanzia leo mtakufa. Akaenda kwa nyoka, nyoka akampa chakula wakala pamoja, kinyonga akambariki, na hadi leo nyoka akizeeka anavua ngozi anakuwa mpya.

"Kwa hivyo kosa lilikuwa la nani?" nikamuuliza.

"Ya nani aje?"

"Alikuja na njaa, tukamnyima. Sasa amekuja tena na njaa, na bado tunamnyima. Tukifa si tumejitakia, mama?"

"Hiyo mdomo yako," mama akasema, "itakuja kukuletea taabu siku moja." Akaingia kwa jirani akafunga mlango. Mwenye kumnywesha nikawa ni mimi peke yangu, kabla ya kazi na baada ya kazi, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone moja juu ya jani, kisha lingine. Mkono ulikufa ganzi. Siku nyingine alilamba mara mbili au tatu, siku nyingine hakulamba kabisa. Nilikuwa ninamtaka aishi kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele ya ploti ile. Nilijua akifa watasema, "Tulikwambia," na nilijua vilevile kwamba hata wasingesema neno, ningelia.

Asubuhi moja nilikuta mbele ya mlango wangu bakuli la maganda ya mayai, yameoshwa na kukaushwa na kutwangwa yakawa laini kuliko nilivyowahi kuyatwanga mimi. Sikuuliza. Mama alikuwa amekaa kwa jirani akichambua mboga, amenipa mgongo.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Nilitoka kazini mapema, saa nane, na nilipofika langoni mvua ya mawe ikaanza, ile ya Kitale isiyobisha hodi. Nilijibanza chini ya kibati cha lango. Ndoo ilikuwa katikati ya ua, palepale ilipowekwa asubuhi, na tawi lilikuwa limeanza kupukutika majani. Nilipiga kelele, lakini mabati ya milango sita yalikuwa yakipigwa kwa pamoja na sauti yangu sikuisikia hata mimi mwenyewe.

Mume wangu alitokeza mlangoni. Upande wa pili mama naye alikuwa ameshasimama barazani kwa jirani, maana jirani alikwenda sokoni akabeba ufunguo. Mume wangu akamwona. Na yule mwanamume, Mungu amsamehe, akafanya alichofundishwa: akarudi ndani akageukia ukuta. Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika.

Mama akatoka mvuani. Akajaribu kuinua ndoo ikamshinda, udongo ulikuwa umelowa. Mawe yalikuwa yakimpiga kichwani na mabegani. Akatia mkono katika tawi. Mama yangu, ambaye alihama kiti garini kumkimbia, akafunika kitu kiganjani, akakilaza kifuani chini ya leso, akaenda ameinama hadi kwenye mlango uliokuwa karibu zaidi, ambao ulikuwa wetu. Hapo akasimama. Hakukanyaga kizingiti. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, na nilipofika hatua moja nyuma yake nikamsikia.

"Mkwe. Geuka."

Mume wangu hakugeuka.

"Nimesema geuka! Tutakuja kufa na hii heshima yetu hapa kwa mlango. Geuka ushike mtoto."

Akageuka. Macho ameyaelekeza sakafuni, sijui kwa sababu ya kinyonga au ya mama. Akanyoosha mkono, na mama akanyoosha wake, lakini kinyonga hakutaka kuachilia. Alikuwa amekishika kidole cha mama kwa miguu yote minne na kukizungushia mkia. Mama hakuweza kumbandua bila kumuumiza. Ikabidi waiweke mikono pamoja, kidole juu ya kidole, wamngoje.

Mtu asiyejua mwendo wa kinyonga aje aniulize. Aliinua mguu mmoja. Akauyumbisha mbele na nyuma, akautia juu ya kidole cha mume wangu, akabana. Akapumzika. Akainua wa pili. Mawe yalikuwa yakinipiga mgongoni na sikusogea, maana niliogopa wakiniona watakumbuka adabu. Wala hawakunitazama. Mume wangu alikuwa anamtazama mama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza, na mama alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Pole pole, usimfinye, mwache aje mwenyewe." Kinyonga akafika kwenye kifundo cha mkono wa mume wangu, palipokuwa pamedondoka maji ya leso ya mama. Akafungua macho yote mawili, akayazungusha, akanywa. Akanywa tena.

Mkia ulipoachilia kidole cha mama, mume wangu alianza kugeukia ukuta tena, bado amesimama mlangoni mbele ya mtu ambaye hapaswi kuingia. Mama hakurudisha mkono. Alishika fremu ya mlango, akapangusa miguu, matope yakabaki kwenye kizingiti.

"Sogea basi, mwanangu," akamwambia. "Nimelowa."

Akaingia.