Ripoti Juu ya Kitabu Ambacho Hakuna Mzee Aliyekisoma

Kwa miaka ishirini na saba Karani aliandika dhambi za watu bila kukosea herufi. Aliyezaa kabla ya ndoa, aliyeoa wa pili, aliyeonekana akiyumba barabarani Jumatatu saa tatu asubuhi, wote walipita kwenye vidole vyake. Barua ya kutengwa na kanisa huchapwa nakala tatu: moja ya mkosaji, moja ya jalada, na moja ya ubao wa matangazo mlangoni, ili waumini wawe na la kusoma mahubiri yakiwa marefu. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya madhabahu, chumba kilichowahi kuwa stoo ya viti vibovu, na viti viwili kati ya hivyo bado vilikuwepo, kimoja cha kwake na kingine cha mgeni. Watu walimwamkia kwa adabu sana. Ni adabu ile unayompa mtu anayejua jalada lako liko droo gani.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu. Mtaa mzima ulimwita Kinanda, kwa sababu akiwa na miaka kumi na minne alikuwa tayari anapiga kinanda cha kanisa, na akiwa na ishirini na minne alianza kukipiga pia kwenye baa ya hoteli kila Jumamosi. Wazee wa kanisa wakakaa kikao wakajadili vidole. Vidole vilevile, walisema, haviwezi kushika bia Jumamosi na tenzi Jumapili. Kinanda hakunywa bia, lakini hilo halikuulizwa. Karani akachapa barua, nakala tatu, akampelekea mwanawe ya kwake pamoja na chakula cha jioni.

"Utarudi lini kundini, mwanangu?"

"Siku wakiacha kuimba kama watu wanaong'olewa meno, mama."

Alicheka, na mama yake akacheka kwa kujificha, maana ilikuwa kweli.

Gari la bendi lilipinduka kwenye kona moja isiyo na ubaya wowote, asubuhi kweupe. Wenzake watano walitoka na mikwaruzo; Kinanda hakutoka. Ombi la mazishi lilifika mbele ya wazee likawa ajenda ya tatu, baada ya kupaka rangi uzio. Karani alikuwepo, kwa kuwa ndiye mwandishi wa kikao. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe: Ombi limekataliwa, marehemu alikuwa hajarejea kundini. Chini akaweka herufi za mwanzo za jina lake, kama kawaida, kuonyesha nani ameandika. Kinanda akazikwa na mjomba wake aliyejua sala mbili, na ya pili ilikuwa ya kubariki chakula.

Sasa, kanisa hilo lina Daftari la Marehemu. Kila mwaka, Jumapili moja, Mchungaji huyasoma majina yote kwa namba, na jina likitajwa, wa familia husimama. Ndiyo hivyo tu. Unasimama, unakaa. Karani ndiye aliyelitunza daftari hilo. Mwaka ule alipofika namba mia moja na kumi na saba aliandika jina la bibi mmoja wa kwaya, akaruka mstari uliofuata, namba bila jina, akaendelea na mia moja na kumi na tisa. Angeweza kulijaza jina la mwanawe siku yoyote. Funguo alikuwa nazo, kalamu alikuwa nayo, na wazee hawakuwa watu wa kukagua kitu kisicholiwa. Lakini yeye hakuwa mtu wa kughushi. Kila mwaka aliandika ombi, kila mwaka akachapa jibu la kulikataa ombi lake mwenyewe. Mara tatu.

Hapo ndipo riwaya ikatokea.

Iliandikwa na mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mtu mpole mwenye kikohozi, ambaye hakuna aliyemdhania hata barua ya mapenzi. Ikasemekana kitabu chake kinamtukana Bwana. Mchungaji akakikemea Jumapili tatu mfululizo, mpaka waliokuwa hawajui kama kipo wakaanza kuuliza kinapatikana wapi. Wazee wakaamua kuwaandikia wenye maduka ya vitabu wakiondoe. Tatizo likawa moja: barua ilihitaji ushahidi, na ushahidi ulikuwa ndani ya kitabu, na kukisoma kitabu walikuwa wameshatangaza kuwa ni dhambi.

Mchungaji akamfuata Karani ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa kila mtu atoke kikaoni ameridhika, na watu wa aina hiyo huumiza bila kupandisha sauti.

"Mama Karani, wewe umekomaa. Macho yako yameshazoea dhambi."

"Za kuchapa, Baba Mchungaji. Sio za kusoma."

"Ni kitu kilekile. Utoe yale maneno yaliyokufuru, uyapange kwa namba, uwachapie wazee. Basi." Akashusha sauti. "Na lile ombi lako la kila mwaka, safari hii nitaliweka mezani mimi mwenyewe. Umenielewa?"

Alimwelewa. Angesoma vitabu mia.

Kitabu kililetwa na Mwenyekiti wa wazee, mkaguzi wa mizani mstaafu, ambaye hadi leo hawezi kushika kitu bila kukipima mkononi. Kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti, amekibana kwa vidole viwili kama panya aliyenaswa.

"Mwenyekiti umekionaje?" Karani akamuuliza.

"Sijakifungua. Uzito wake tu unatosha."

Akaanza na penseli nyekundu. Kurasa sitini za kwanza zilimpa kazi rahisi. Mwalimu alikuwa amekufuru kwa utaratibu, kama anayefanya zoezi na kuonyesha njia. Karani alipiga mistari, akapiga miayo, akanywa chai. Kwenye sura ya tano akaweka kikombe chini.

Ilikuwa sura ya mama wa mwizi wa kushoto. Yule asiyetubu. Siku ya msalaba watu wote wanatazama katikati, wa kulia ameshapewa ahadi yake, na huku kushoto hakuna mtu ila mwanamke mmoja na mtungi wa maji na shuka, anamwuliza askari wakimaliza atamchukuaje mwanawe. Miaka inapita, mama naye anakufa, anafika kwenye lango la mbinguni. Jina lake limo. Anamwuliza bawabu kuhusu mwanawe. Bawabu anafunua kurasa, anafunua, anatikisa kichwa. Basi mama anakaa kwenye ngazi, nje. Wanamsihi aingie, karamu inapoa, haingii. Mwishowe anatoka Bwana mwenyewe, na matundu yake mikononi, anakaa pembeni yake. Mama anamwambia, "Wewe mama yako ulimrudia siku ya tatu. Wangu je?" Bwana hajibu. Wala harudi ndani. Sura inaishia hapo, wawili hao wamekaa nje, na mbingu nzima imebaki na chakula bila mwenyeji.

Karani alifunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

Alipoanza kuchapa, akapatwa na ugonjwa wa kazi yake. Kufuru yenyewe ilikuwa mistari miwili. Lakini ukiikata pale, ilionekana tusi, na haikuwa tusi. Na Karani, ambaye hakuwahi kukata neno la mtu kikaoni hata la mlevi, hakuweza. Akaongeza sentensi iliyotangulia ili ieleweke. Nayo ikadai iliyo kabla yake. Akaongeza ukurasa. Mwishowe akachapa sura yote, kituo kwa kituo, na ripoti ikawa kurasa arobaini na nne. Juu akaandika SIRI, akagonga mhuri wa kanisa.

Zilihitajika nakala saba kwa wazee saba. Printa ya ofisi iliishiwa wino kwenye nakala ya kwanza, hivyo akaipeleka kwa mama wa fotokopi, ng'ambo ya barabara. Mashine ikakwama ukurasa wa thelathini na moja. Mama wa fotokopi akauchomoa ule ukurasa uliokunjika, akaunyoosha kwenye paja, macho yakauangukia. Akasoma amesimama. Kisha akatoa nakala saba za wazee, na ya nane ya kwake.

Baada ya wiki mbili sura ya tano ilikuwa saluni, ilikuwa kwenye foleni ya zahanati, ilikuwa ndani ya vitabu vya tenzi vya kwaya ya akina mama. Neno SIRI liliisaidia sana. Mhuri uliisaidia zaidi, kwani wengi waliamini kanisa ndilo limeitoa, wakasema angalau mwaka huu kanisa limetoa kitu cha maana. Wenye maduka, ambao walikuwa wameuza kitabu hicho kwa shangazi wa mwandishi na rafiki zake wawili, wakaanza kuulizwa kama kuna kingine.

Wazee wakaitana haraka. Karani akakaa mahali pake mwisho wa meza, daftari la kumbukumbu mbele yake.

"Nani kati yetu amekisoma kitabu hiki?" Mwenyekiti akauliza.

Mzee mmoja akasema yeye hajakigusa hata jalada. Mwingine akaapa kuwa hata ripoti aliishia ukurasa wa tatu, miwani yake ni ya zamani.

"Kwa hiyo aliyekisoma ni mmoja."

Vichwa saba vikageukia mwisho wa meza.

"Mlinituma," Karani akasema.

"Tulikutuma utoe kufuru. Hatukukutuma uitawanye."

Mchungaji akaingilia kati, kama kawaida yake, kutafuta njia ambayo haimchubui mtu. Daftari la Marehemu alikuwa amelibeba kweli. Alilifungua mezani, kwenye ule mstari mtupu, akaweka kalamu juu yake.

"Mama Karani, mambo yasiwe makubwa. Utaandika mistari miwili, kwamba ile sura ni uongo na unaikataa. Tutaibandika mlangoni. Na hapa hapa, mbele ya wazee, jina la kijana litaingia. Wazee, kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Walikuwa na njaa.

Karani aliutazama mstari. Wino wa namba ulikuwa wake, umeanza kufifia.

"Kitabu kina mengi ya ovyo," alisema. "Nitaandika hivyo. Mwanzo wake unachosha, nitaandika. Na kwamba nilikosea kuipeleka ripoti nje, nitaandika na kutubu."

"Na sura ya tano?"

"Baba, ile siwezi kusema ni uongo."

"Kwa nini?" Mwenyekiti akauliza. "Ni hadithi ya kutungwa. Huyo mama hayupo."

"Nimekaa kwenye hizo ngazi, mzee wangu. Miaka mitatu. Ila huku kwetu hakuna aliyetoka nje."

Mchungaji akainamisha kichwa. Mwenyekiti akalifunga daftari taratibu, akalipima kidogo mkononi.

"Niandike hivyo kwenye kumbukumbu?" Karani akauliza, maana kalamu ilikuwa kwake.

"Andika," Mwenyekiti akasema. "Andika ulivyosema."

Barua yake ya kutengwa aliichapa mwenyewe, hapakuwa na mtu mwingine anayejua mpangilio. Mchungaji alikuwa ameiandika kwa penseli, akakosea tarehe na kurudia aya moja mara mbili. Karani akairekebisha. Nakala tatu. Ya tatu akaibandika ubaoni kwa pini nne ili isipeperuke, akakabidhi funguo kwa shemeji wa Mwenyekiti, dada nadhifu aliyekuwa amehitimu mambo ya ofisi na aliyekuja na kitambaa chake cha kufutia vumbi.

Wiki hiyo hiyo akafa mpiga kengele wa kanisa, mzee wa watu. Karani mpya akafungua daftari kumwingiza, akaona mstari umerukwa.

"Shemeji, hapa waliacha nafasi."

"Jaza hapo hapo," Mwenyekiti akasema. "Tusipoteze karatasi."

Jumapili ya kusoma majina, Karani alikaa benchi la nyuma kabisa, la waliotengwa, karibu na mlango. Mjane wa mpiga kengele alichelewa kwa sababu ya magoti yake, akaketi palepale kwa kuwa ndipo karibu. Hakujali benchi ni la nani.

"Wamefika wapi, dada?" akanong'ona.

"Mia moja na kumi na tano."

Mchungaji alisoma bila kuinua macho. Mia moja na kumi na sita. Mia moja na kumi na saba, bibi wa kwaya, na wajukuu wakasimama, wakakaa. Kwa miaka mitatu hapo alikuwa akivuka moja kwa moja hadi kumi na tisa, na Karani alikuwa akihesabu ile moja kimoyomoyo.

"Mia moja na kumi na nane," Mchungaji akasema.

Mkono wa Karani ulikuwa tayari umeshika mgongo wa benchi la mbele. Kisha likaja jina la mpiga kengele.

Mjane akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Akajaribu tena. Karani akampitishia mkono chini ya kwapa, akamwinua, na kwa kuwa mjane yule asingeweza kusimama peke yake, wakasimama wote wawili mpaka jina lilipokwisha.