Chewa wa Alhamisi

Wewe umewahi kupigiwa makofi kwa kitu ulichokiiba?

Harith Dawud alipigiwa. Alipigiwa mchana kweupe, pwani ya Faza, na watu wanaomjua tangu anatembea uchi. Kama hayajakufika, kaa umsikilize, wala usifanye haraka kujiona bora kuliko yeye.

Harith ni mvuvi wa mshipi, mtu wa miaka arobaini na miwili. Hana wavu wala mashine. Ana mtumbwi wa mtu mmoja, kigogo cha kuzungushia uzi, na vipande vya mpira wa baiskeli anavyovivika vidoleni ili uzi usivichane samaki akivuta. Ujanani hakuwa hivyo. Alikuwa katika kundi la wavuta juya, ule wavu wa kukokota, vijana kumi na wawili wenye mipiko ya miti mikononi, wakipiga matumbawe ili samaki watoke mafichoni wakimbilie wavuni. Walikuwa wakiimba. Tumbawe likivunjika chini ya maji hutoa mlio mdogo tu, kama sahani iliyoteleza jikoni kwa jirani, na mlio huo ukawa wawachekesha.

Kisha akaenda Kiunga, harusini kwa jamaa za mkewe. Shemeji mmoja akamwazima miwani ya kupigia mbizi, akampeleka kwenye maji yaliyohifadhiwa, akamwambia aangalie. Harith akaangalia. Usiku wa karamu walimwona amekaa na sahani ya pilau haijaguswa, na mkewe Mwanamkisi akamuuliza kulikoni.

"Sisi tumeua mji mzima," akasema. "Na tulikuwa twaimba."

Tangu siku hiyo akawa kero. Kwenye kahawa, matumbawe. Kwenye matanga, matumbawe. Watu walikuwa wakimwona anakuja wakabadilisha upande wa barabara. Miaka sita alisema, mpaka siku moja wavuvi wakakubali, labda kwa kuchoka, kwamba Mwamba wa Fundi, ulio karibu na mji na uliovunjwa kuliko yote, ufungwe miaka miwili. Ndoana isitumbukizwe humo, wala mkuki, wala wavu. Ukishapona, utavuliwa kwa zamu.

Lakini mwamba haufungwi kwa maneno. Unataka maboya, kamba, mafuta ya boti ya doria, na vifaa vya kupandia matumbawe machanga. Walikuja watu wa miradi, wakapiga picha, wakala kamba wa kukaanga, wakaahidi, wakaondoka. Huku meli kubwa zikikomba bahari ya nje na hakuna anayezigusa, maskini wa mshipi akaambiwa asubiri ufadhili. Harith akakataa kusubiri.

"Sisi wa mshipi ndio tuujuao mwamba ule, jiwe kwa jiwe," aliwaambia. "Sisi tuutunze. Kila Alhamisi, apendaye atoe samaki mmoja katika aliowavua, amtie kapuni. Hapana jina kuandikwa. Hapana mtu kuulizwa. Dalali Husni atampiga mnada, na kitakachopatikana ni cha mwamba."

Walimcheka, kisha wakatoa. Huyu changu, yule tafi wawili, mwingine kolekole mzima. Wengine walitoa kwa imani, wengine kwa kuona wenzao wanatoa. Maboya ya madumu ya rangi ya machungwa yakaning'inia baharini, kamba zikafungwa, boti ya doria ikapata mafuta ya kupita kila adhuhuri. Asubuhi haikuwa na doria. Asubuhi mwamba ulilindwa na haya ya watu tu, na ulilindika. Jambo hilo lilimpa Harith fahari kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya duniani. Mwaka na miezi miwili, hakuna aliyeingia.

Sasa sikiliza lililomsibu. Mwamba wa karibu umefungwa, na ya mbali inataka mashine. Harith ana kafi. Akawa anarudi na samaki wa kitoweo, wakati mwingine hata wa kitoweo hawatoshi. Alhamisi ya kwanza akapita kwenye kapu mikono mitupu. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, Husni dalali, mwenye mdomo usiojua kupumzika, akamngoja mpaka alipofika katikati ya watu.

"Bwana Harith! Kapu lakusalimu!"

"Nami nalisalimu," Harith akajibu, akijitahidi kucheka.

"Lauliza, ni yapi makosa yake? Mbona mwenyewe aliyelileta mjini halitizami kwa mato?"

"Liambie laja kupata lake."

"Wiki ya tatu yeo, bwana. Salamu hazikaangwi!"

Pwani nzima ikacheka. Hapakuwa na ubaya katika kicheko kile. Husni huwatania hata maharusi. Lakini Harith aliondoka masikio yanawaka moto. Nyumbani alimkuta Mwanamkisi anakanda unga wa mahamri ya kuuza. Harith alikuwa na pono mmoja mkononi, samaki mwenye ukubwa wa kiganja.

"Si ungemtoa huyo?" mkewe akasema.

"Huyu? Mimi niliyewahutubia watu miaka sita, nikatie kapuni kipono kama hiki mbele ya Husni?"

"Ulisema apendaye atoe alicho nacho."

"Nilisema."

"Basi hicho ndicho ulicho nacho. Ukitaka kitu cha kuonekana, hiyo si hiari tena, mume wangu. Ni maonyesho."

Pono yule akaliwa usiku ule na wali wa nazi.

Alhamisi ya nne alitoka baada ya sala ya alfajiri. Mpaka jua limepanda kiasi cha mtu kuona kivuli chake, alikuwa na samaki wawili wa kutia aibu. Mkondo ukawa unamvuta upande wa maboya. Aliuacha umvute. Baadaye alijaribu kuuweka mzigo wote juu ya mkondo, lakini tuseme ukweli: mkondo ulimfikisha kwenye maboya, haukumkatia ngisi, haukumtilia chambo ndoanani.

Alijiambia hivi: huyu sitamla mimi. Sitamuuza. Nitamtoa mwambani nimpe mwamba. Hapo nimemwibia nani?

Hoja ilikuwa nzuri. Ilidumu kwa muda wa ndoana kushuka pima nane. Kisha uzi ukakazika ghafla, mtumbwi ukainamisha pua, na samaki akakimbilia pangoni mwake kwa nguvu za mtu anayerudi nyumbani kwake. Chewa ndivyo alivyo. Hatangitangi kama kolekole. Ana shimo lake, ana mlango wake, na humo huishi miaka. Mpira wa baiskeli ukapasuka kidoleni, uzi ukaingia nyamani, Harith akauma meno akavuta. Akampandisha. Alikuwa chewa mweusimweusi, mnene, ambaye watu wa Faza walikuwa hawajamwona mfano wake tangu zama za wale vijana wenye mipiko. Akamfunika na gunia, akapiga kafi kuondoka pale kama mtu aliyefumaniwa, na hali bahari nzima ilikuwa tupu.

Alipomtia kapuni, kapu lilipinduka.

"Lahaula!" Husni akaruka. "Jamani, ndooni muone! Kumbe alikuwa atunyamazia akitega kitu! Bwana Harith, nisamehe, nalikukosea adabu. Haya, nani aanza? Mahfudha, usinitizame mimi, mtizame samaki!"

Mahfudha, mama karanga, mkaangaji wa samaki wa kuuza ambaye huwapiku wengi mnadani, akamshinda kila mtu. Hakungoja kumpeleka nyumbani; alikuwa na kisu na ubao, akampasua palepale. Tumbo likafunguka, likamwagika mayai. Mifuko miwili iliyojaa, ya manjano, imelala juu ya ubao kama maembe mabivu.

Mahfudha akasimamisha kisu. "Maskini," akasema, kwa sauti ya chini. "Alikuwa karibu kutaga."

Wavuvi waliozunguka wakainamia ubao. Kila mwenye mshipi mjini alikuwa akitazama samaki mmoja, na kila mmoja alikuwa akijua chewa kama huyu hukaa jiwe gani. Harith aliwaona wakijua. Aliona macho yakimfikia, yakiteremka kwenye kidole chake kilichofungwa kitambaa, yakihamia baharini. Hakuna aliyesema. Kumwumbua mtu mbele ya watu si desturi, na zaidi mtu aliyewahutubia miaka sita.

Ndipo akafika Hesbon, afisa wa uvuvi, kijana wa bara aliyeletwa Faza mwaka uliopita na aliyeupenda mwamba ule kama wake. Aliona mayai akashika kichwa.

"Wazee! Mnaona hii? Mnaona? Si niliwaambia? Mwamba ukijaa, samaki wanatoka nje, wanakuja kwenu! Bwana Harith, umempata wapi huyu?"

Hapa ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu lilitakiwa: ndani. Nimempata ndani. Angetozwa faini, angesemwa mwezi mzima, mwamba ungebaki na heshima yake. Harith akafungua mdomo. Akamwona Husni anatabasamu, akaona simu ya Hesbon imeinuliwa kumpiga picha.

"Nje ya maboya," akasema. "Jiwe la Mnarani."

"Nje ya maboya!" Hesbon akapaza sauti, akageukia watu. "Huo ndio ushahidi! Hii picha nitaipeleka Kizingitini, nitaipeleka Siyu, kila mahali wanakosema kufunga mwamba ni kupoteza riziki. Na ona, hakumuuza! Amemtoa kwa hiari yake! Mpigieni makofi mzee!"

Mtu mmoja akapiga makofi. Kisha wa pili. Kisha wote, wavuvi nao, wakimtazama usoni, wakipiga polepole. Harith alisimama katikati mikono inaning'inia. Alitamani wamzomee. Mtu akizomewa huweza kukasirika, akajitetea. Makofi utayajibu nini?

Walipotawanyika Husni akampitia karibu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila utani, "Sikujua Jiwe la Mnarani lina chewa siku hizi. Mimi nalijua ni mchanga mtupu."

"Lina," Harith akasema.

"Haya. Vyema kujua."

Magharibi ilipokwisha saliwa, Mwanamkisi alimletea maji ya chumvi ya vuguvugu, akakifungua kidole. Uzi ulikuwa umekata mpaka karibu na mfupa.

"Palipo mchanga, samaki hana pango la kukimbilia," akasema. "Hawezi kukukata hivi."

Harith akatazama maji yakigeuka rangi.

"Watu wote wajua," mkewe akaendelea. "Asiyejua ni yule mtoto wa watu peke yake, na ndiye aendaye kulisema jambo hili vijiji vizima. Wamwacha aumbuke?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Kesho. Baada ya sala ya Ijumaa. Msikitini, mbele ya wote."

"Na kwa nini si sasa? Hesbon akaa hapo tu, nyuma ya skuli. Nitakushikia taa."

"Kesho, Mwanamkisi. Niwaambie watu wote mara moja."

Hata katika kukiri alitaka hadhara. Mkewe aliona hivyo, na Harith aliona kwamba mkewe ameona. Mwanamkisi akamfunga kidole kwa kitambaa safi, na Harith akalala akiyapanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri. Yalikuwa na aya mbili za Kurani na mahali pa kunyamaza.

Ijumaa watu wa Faza hawaendi baharini kabla ya sala. Siku hiyo mitumbwi hulala kichwani mwa ufuko, nyavu hushonwa, wanaume hunyolewa. Harith alishuka pwani asubuhi ili ayarudie maneno yake mahali pasipo na mtu, na kweli hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mitumbwi pia, ila wake. Mchangani palibaki mifereji tu ya matumbo ya mitumbwi, mibichi, ikiteremka mpaka majini.

Akasukuma wake. Kidole hakikumruhusu kushika kafi vizuri, akapiga hivyohivyo, damu ikapenya kitambaani. Alipozunguka rasi aliyaona maboya ya rangi ya machungwa, na ndani ya maboya akaiona mitumbwi kumi na mmoja, imetulia kwa mpangilio mzuri, kila mmoja na mtu wake, kila mtu ameinamia uzi. Walikuwepo waliotoa samaki kila Alhamisi bila kukosa. Alikuwepo mzee Zaki, aliyepiga yale maboya rangi kwa mkono wake. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyejificha.

Alitaka kupiga kelele. Alivuta pumzi kabisa, kifua kikajaa. Lakini alimkumbuka yule mweusimweusi chini ya gunia, na pumzi ikatoka bila sauti.

Mzee Zaki aliinua kichwa akamwona. Hakushtuka. Alimpungia mkono, kama mvuvi anavyompungia mwenzake aliyechelewa, kisha akainuka taratibu, akavuta nanga, akausogeza mtumbwi wake pembeni kiasi cha pima mbili, akamwachia nafasi.