Gia ya Tatu, Kutoka Namuwongo Mpaka Wandegeya

Nianze na upumbavu wenyewe, msije mkausikia kwa dada yangu Neema, maana yeye anausimulia vizuri kuliko mimi. Likizo ilipoanza nilifungua giaboksi ya pikipiki ya marehemu baba, nikaosha kila kitu kwa petroli, na katikati ya vyuma nikakuta pete nyembamba ya bati, imekatwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Rangi ya mkebe ilikuwa bado inaonekana upande mmoja. Nikasema takataka hii imeingiaje humu, nikaitupa kwenye mtaro wa reli. Kisha nikafunga giaboksi na kujiita injinia.

Pikipiki yetu inaitwa Shangazi, kwa sababu ni ya zamani, inalalamika, na hakuna anayethubutu kuifukuza nyumbani. Baba alivuka nayo mpaka kutoka Bukavu, mama amekaa nyuma, mimi nimo tumboni. Tangu baba atutoke ilisimama tu barazani, na mama akawa anaanika soksi zetu kwenye usukani. Wiki ile akaniambia, "Bahati, mimi sichoki kuiona. Nachoka kuiona imenyamaza. Jumamosi jioni mutu wa vyuma chakavu anapita. Kama haitembei, ataibeba."

Namuwongo, mtaani kwetu, Jumamosi asubuhi. Niliisimamisha kwa stendi mbili, tairi la nyuma likawa hewani, nikakanyaga gia. Moja iliingia. Mbili ilikataa. Nikakanyaga kwa kisigino, nikakanyaga kwa hasira, ikakataa.

"Labda imekusikia ukijiita injinia," alisema Neema.

"Badala ya kuongea, zungusha tairi."

Alizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, kwa kuniudhi tu, na gia ya pili ikaingia laini kabisa. Ya tatu vilevile. Kumbe meno ya gia hayakutani kama yamesimama. Lazima yazunguke yatafutane. Nikaiwasha, nikatoka kando ya reli kama mfalme. Nilipoweka ya tatu na kuongeza moto, ilikaa kidogo, ikatoka yenyewe. Injini ikapiga kelele bila kuvuta kitu, na wauza mkaa wakacheka. Nikaiweka tena, ikatoka tena. Nikashikilia pedali kwa vidole vya mguu mpaka vikafa ganzi.

Basi nikaenda Kisenyi kwa gia ya pili, taratibu kama bibi harusi, baiskeli zikinipita.

Kisenyi, kwenye gereji za nyuma ya maduka ya jumla, nilimtafuta Ssalongo. Huyo ni baba wa mapacha, ndiyo maana wanamwita hivyo, na ndiye fundi ambaye baba alizoea kubishana naye mpira. Aliitazama Shangazi kabla ya kunitazama mimi.

"Hii bado iko hai?"

"Inaruka gia ya tatu, Ssalongo."

"Nani arifungua?" Kiswahili chake huchanganya l na r.

"Kuna fundi fulani."

"Huyo fundi fulani iko na ndevu ao iko nasoma shule?"

Nikajipapasa kidevu kitupu. Alifungua ubavu wa injini, akaishika shafti, mhimili unaobeba gia, akaisukuma ndani na nje. Ilicheza. "Hapa kurikuwa na kitu," alisema. "Wewe ritupa kitu."

Nikamweleza pete ya bati. Akakaa chini juu ya tairi, akacheka mpaka kijana wa duka la spea akaja kuuliza kuna nini. Yule kijana akatuletea washa mpya, pete ya chuma ya dukani, inang'aa. Ssalongo akaivalisha: nene mno, shafti ikagoma kuzunguka. Akaleta nyingine, nyembamba, na shafti ikacheza kama zamani. Mwisho akaokota mkebe wa maziwa uliokuwa na misumari, akaumwaga, akanipa mkasi.

"Wewe ritupa, wewe kata."

Nilikata pete tatu. Ya kwanza ilikuwa na umbo la kiazi. Ya pili Ssalongo aliitazama akaitumbukiza mfukoni, nadhani ili akawaoneshe wenzake. Ya tatu niliipaka mafuta, nikaisugua juu ya kioo kwa msasa mpaka ikalala bapa. Ikaingia. Shafti ikatulia.

"Imepona?"

"Hapa chini kila gia ni maraika. Twende Wandegeya, tupande kirima. Mimi nitakuwa mzigo."

Na alikuwa mzigo kweli.

Wandegeya, jua limeanza kulegea. Tulipita karibu na kituo cha polisi, nikaketi wima kama mtu mwenye leseni. Harufu ya kuku wa kuchoma ilitoka sokoni, na wanafunzi walikuwa wamepanga foleni kwenye chapati. Baba alikuwa akinileta hapa kila akipata kazi nzuri. Nilikaa nyuma yake, sikio mgongoni, na nilikuwa najua gia zote kwa sikio hilo kabla sijajua kusoma.

Kilima kilipoanza niliweka ya tatu. Nikaongeza moto. Nikangoja iruke. Haikuruka. Shangazi akavuta, sauti ikawa nzito, ileile ya mgongo wa baba, na macho yakaniwasha. Nikasema ni vumbi. Ssalongo hakuniuliza.

Kurudi, nilimshusha Kisenyi, nikateremka Namuwongo peke yangu. Nilichojifunza ni hiki: gia haipimwi ikiwa imesimama, wala tambarare. Inapimwa ikiwa imebeba mtu na inapanda. Na kitu kibaya unachokikuta ndani ya mashine nzima, kiulize kwanza kinafanya kazi gani humo.

Mtu wa vyuma alikuwa amekwisha kufika, kaegesha mkokoteni wake mbele ya baraza, anakunywa chai yetu. Mama alikuwa amesimama njiani, soksi mkononi, kichwa kimeinama upande kama anasikiliza redio ya jirani. Nilikuja kwa ya tatu, nikapunguza, nikasimama miguuni pake. Akamwambia yule mtu amalize chai yake, aende salama, hapa hakuna chuma chakavu. Halafu akakunja kitenge magotini, akanitazama.

"Unaweka ya tatu kama mutu anapiga mlango wa jirani," alisema. "Shuka, nikuoneshe."