Mfupa wa Padri

Hapa kwetu Kerende, mtu akiokota mfupa mtoni anaupeleka kwa Robi. Robi anapika supu ya makongoro kando ya njia ya malori ya mchanga, na mimi ninapika chapati pembeni yake. Miaka kumi na miwili tunavuta moshi mmoja, na kwa mifupa sikuwahi kumwona akikosea. Anachemsha miguu ya ng'ombe kila siku iendayo kwa Mungu. Mpe mfupa wa mguu akiwa amefumba macho, ataupapasa na kukwambia ni wa mbele au wa nyuma. Wa nyumbu, anasema, ni mwembamba, umeumbwa kukimbia. Wa ng'ombe ni mpana.

Na mifupa haikosekani. Kila mwaka nyumbu wanavuka Mto Mara huko juu hifadhini, wengine wanazama, na maji yanatuletea mabaki yao polepole, kama jirani anayerudisha vyombo kimoja kimoja. Asubuhi za kiangazi ukungu unapanda kutoka mtoni na kuchanganyika na mvuke wa masufuria, mpaka wateja wanakuja hawana miguu, vichwa tu vinaelea vikiomba pilipili. Saa hizo ndipo Robi alikuwa akinisimulia ndoto yake. Ilikuwa ndoto moja tu, miaka nenda miaka rudi: Padri anatembea chini ya maji, hana haraka, anatafuna.

Padri alikuwa maksai wake wa kulimia, mweusi mwenye weupe shingoni, ndiyo sababu ya jina. Akiwa ndama alivunjika mguu wa mbele na watu wakasema achinjwe tu. Robi akaufunga kwa vijiti na kamba za katani, akamlisha kwa mkono miezi miwili. Mguu ukaunga, ukabaki na kinundu. Mumewe, Nikolaus, alipofariki, Padri ndiye aliyelima shamba, na watoto wakala na kusoma kwa shingo yake.

Kisha, miaka saba iliyopita, Zablon, kaka mkubwa wa marehemu, akamwazima akalime kwa wakwe zake Ringwani, ng'ambo ya mto. Alirudi peke yake, amelowa chapachapa, akasema maji yamemchukua Padri kivukoni. Robi hakuamini. Siku ya mnada akasimama mbele ya watu akasema shemeji yake amemuuza. Zablon akaapa, akawaambia basi wakatafute mifupa, na watu wakacheka, maana Mto Mara mifupa ni mingi kuliko kokoto. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwazima Zablon hata ndama. Wakampa jina la Mnada, na watoto wakalishika. Robi naye akaacha kumwamkia. Kumnyima shikamoo kaka wa mumeo si jambo dogo kwetu. Nilimwambia hivyo, akaninunia siku mbili.

Mwaka jana mwezi wa nane, Joram, mchimba mchanga, akaja na mfupa alioutoa chini sana, mita chache kutoka kivukoni. Robi alikuwa anakata ndimu. Hakugeuka.

"Nyumbu huyo, mura," akamwambia kijana.

Joram akauacha mezani, akaomba supu. Na niseme ukweli, Robi alikuwa amefanya hivyo kwa miaka. Kila mfupa ulikuwa wa nyumbu kabla hajaugusa. Nilikuwa naona, nikanyamaza, wala sijisifu kwa hilo.

Aliushika ili tu apanguse meza. Mkono ukasimama. Kidole gumba kikapita juu ya mfupa, kikarudi, kikapita tena. Mpana, wa mbele, na katikati kinundu. Ukungu ulikuwa mzito, hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Angeweza kuusukumia kwenye kuni mambo yakaisha, maana wateja wote walishasikia ni nyumbu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani afanye hivyo. Nampenda, na niliogopa watakavyomgeuka.

Akaufunga kwenye khanga yake, akaniambia nimwangalizie supu. Sikuiangalia. Nilimfuata.

Tulimkuta Zablon kwake, amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Robi akapiga goti.

"Shikamoo, shemeji."

Zablon akatazama nyuma yake, kuona ni nani anayeamkiwa. Hakuitikia. Robi akamwekea mfupa mapajani, akashika kidole cha mzee na kukipeleka kwenye kinundu.

"Ni Padri," akasema. "Nilikusingizia."

Mzee akaugeuza mfupa muda mrefu. Nilingoja matusi, na haki ya kutukana alikuwa nayo. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nilishaanza kuamini kwamba nilimuuza," akasema. "Naota niko mnadani, namkabidhi mtu kamba ya Padri, na huyo mtu simwoni uso."

Robi akalia, na mimi nikalia. Zablon akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akachukua fimbo yake na kusema twende, Robi akawaambie na watu.

Akatangulia, amebeba mfupa begani kama jembe, sisi nyuma yake. Supu ilikuwa imekaukia sufuriani, chapati zangu zimekuwa mkaa, na wateja walikuwa bado wapo kwa hasira ya njaa. Robi akawaambia yote. Hakujitetea. Alisema mfupa ule ni wa nani, alisema alivyokuwa akijibu bila kugusa, alisema jina la Zablon ni Zablon. Hakuna aliyecheka. Joram akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Zablon akauweka mfupa mezani, akakaa, akamtazama Robi.

"Marahaba," akasema.