Zengo Hakutokea

Pale Somanda, mjini Bariadi, upande wa hospitali, ukimtafuta Esteria utazungushwa. Lakini ukisema Mama Lukresia wa uji, hata bodaboda aliyeanza kazi jana atakufikisha. Miaka kumi na tisa amewapikia uji na wali maharage watu wanaouguza. Wanakuja kutoka vijijini, Lingeka huko, wamembeba mgonjwa wao, hawajui wodi iko wapi wala watalala wapi. Yeye anaacha mwiko ndani ya sufuria, anajifuta mikono, anawauliza: ninyi ni wa nani, mmetoka wapi, nani anaumwa? Halafu anawapeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Ndivyo alivyolelewa, na alidhani dunia nzima imelelewa hivyo.

Lukresia ni mwanawe wa pekee. Alikwenda ng'ambo kufanya kazi ya unesi, akaolewa hukohuko na Joakim, Mtanzania mwenzake, mtu wa Songea. Mama alikuwa aende kuwatembelea mwezi wa nane; paspoti ilikuwa tayari, viza imeshagongwa. Kumbe kansa iliyokuwa ikimla Lukresia haikuwa na habari na mwezi wa nane. Jumapili moja mwezi wa tano Joakim alipiga simu.

"Mama, madaktari wanasema siku nne. Zikizidi sana, tano. Kila akiamka anauliza umefika wapi."

Tiketi ikapatikana ya Jumanne. Jirani yake, Kwandu, akamwazima viatu vya kufungwa, maana alisema huko watu hawaendi na ndala. Joakim akampigia tena kumweleza njia.

"Mama, pale katikati unabadili ndege. Ndege ya pili inaondokea jengo lingine, mbali kweli, na muda wako ni saa moja na nusu tu. Lakini usihofu, nimekuombea msaidizi. Ukitoka mlangoni utamkuta amesimama na kibao chenye jina lako. Mfuate huyo huyo, usimwache."

"Jina langu?"

"Ndiyo mama. Jina lako."

Jina lipi, hakuna aliyefikiria kuuliza. Nani angefikiria? Kwetu jina la mtu ni la kwanza. La pili ni la baba, ili ijulikane umetoka mlango gani. La tatu ni la babu, na hilo kazi yake ni kujaza nafasi kwenye fomu. Paspoti ilisema Esteria Ngusa Zengo. Ngusa ni baba yake. Zengo ni mzee aliyefariki kabla Esteria hajaota meno, na tangu azaliwe hakuna binadamu aliyewahi kumwita kwa jina hilo, si nyumbani, si kanisani, si sokoni.

Jumatano ndege ikatua kwenye uwanja ule mkubwa, wa nchi ya watu, ikiwa imechelewa robo saa. Esteria alitoka amekumbatia mkoba, macho yake yanatafuta kibao. Waliosimama na vibao walikuwa watatu. Yeye husoma polepole, lakini husoma. Cha kwanza kilikuwa cha maandishi ya Kichina. Cha pili kilikuwa na jina refu lisilotamkika. Cha tatu, kwa herufi kubwa nyeusi, kiliandikwa ZENGO.

Akatabasamu peke yake, mara ya kwanza tangu Jumapili. Kumbe ndani ya ndege ile alikuwemo Msukuma mwenzake! Zengo yupi huyu, wa Bariadi au wa Maswa? Akitoka tu atamwamkia, "Mwadila," naye ataitikia, na hapo mambo yote yatakuwa mepesi, maana mwanaume anayesafiri hivi lazima anajua Kiingereza. Atamsaidia hata kumtafuta yule msaidizi wake aliyechelewa.

Mwenye kibao alikuwa mtu mzima, mwenye masharubu na kizibao cha kijivu. Alimtazama Esteria, akakiinua kibao kidogo.

"Zengo?"

"No," akajibu Esteria, na akajigusa kifuani. "Esteria."

Na kwa kuwa ni mtu mwema, hakuishia hapo. Alinyoosha mkono kuonyesha mlango alikotokea, akasema, "Zengo," kisha akatuliza hewa kwa viganja viwili: bado, subiri, anakuja. Yule bwana akatikisa kichwa kushukuru. Wakasimama wote wawili, bega kwa bega, wakimsubiri Zengo.

Wakasubiri dakika kumi. Ishirini. Abiria wakaisha. Wahudumu wa ndege wakatoka na masanduku yao ya kuburuta, wakapita. Yule bwana akazungumza kwenye redio yake, akatazama saa, akakibana kibao kwapani, akaondoka. Esteria akabaki amemkasirikia Zengo. Mtu gani huyu, anawapotezea wenzake muda namna hii, wakati mwenzake ana mgonjwa wa kuwahi?

Hofu ilimwingia baadaye, alipoona hakuna aliyebaki wa kumsubiri. Akaanza kuwaonyesha watu tiketi yake. Wa kwanza alikuwa kwenye simu. Wa pili alielekeza kidole juu, kwenye mshale, na mshale ukampeleka kwenye mshale mwingine. Hakuna aliyemuuliza wewe ni wa nani, umetoka wapi, nani anaumwa. Hatimaye mama mmoja wa Kihindi alimshika mkono na kumwingiza kwenye treni isiyo na dereva inayounganisha majengo. Aliposhuka, viatu vya Kwandu vilikuwa vimemchubua visigino. Akavivua, akakimbia peku kwenye marumaru, bibi wa miaka sitini na mbili, kitenge kimepandishwa.

Mlango ulikuwa umefungwa. Na ndege ipo! Anaiona kwenye kioo, mkia wake, madirisha yake. Stendi ya Bariadi ungepiga ubavu wa basi mara mbili, konda akufungulie huku anakusonya. Hapa alipiga kioo kwa kiganja, na dada wa mezani akamwambia neno moja kwa upole mkubwa, upole wa mtu asiye na nia ya kufanya lolote. Ndege ikarudi nyuma taratibu.

Wakamwita mfanyakazi wa usafi, mwanamke Mkenya, awatafsirie.

"Mama, anasema walikutumia mtu. Anasema alingoja sana, lakini Zengo hakutokea."

"Zengo ni babu yangu," Esteria akasema. "Amekufa zamani."

Mkenya akaisoma tena tiketi. "Mama, Zengo ni wewe. Hawa humwita mtu kwa jina la mwisho."

Esteria akakaa chini, palepale sakafuni, miguu ameinyoosha mbele.

"Aliniuliza," akasema. "Yule bwana aliniuliza kabisa. Nikamwambia si mimi."

Hivi kweli, ofisi nzima yenye treni inayojiendesha yenyewe, wameshindwa kuandika majina matatu kwenye kibao? Wino ungewaishia? Walimpa tiketi ya kesho, saa ileile, na karatasi ya kulala hotelini. Na kwenye karatasi ile pia waliandika Zengo.

Alifika Alhamisi jioni. Joakim alikuwa amesimama peke yake mbali na watu, na Esteria alijua kabla hajamfikia. Lukresia alikuwa amefariki saa tatu asubuhi ya siku ile. Kama mama angepanda ndege yake ya Jumatano, angekaa naye usiku mzima.

Walikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Mkwe alikuwa anatazama usukani.

"Tangu juzi nilikuwa namwambia uko njiani," alisema. "Leo asubuhi akaacha kuuliza. Akaanza kusema Kisukuma. Maneno mengi, mama. Alikuwa ananitazama usoni, anasema, halafu anangoja nijibu."

"Alisemaje?"

"Sikuelewa, mama. Miaka yote hii sikujifunza."

"Hata neno moja. Jaribu."

Joakim akajaribu. Akatoa sauti fulani, akasita, akaongeza nyingine. Esteria alisogeza sikio karibu kabisa na mdomo wa mkwewe, jambo ambalo nyumbani mama mkwe hafanyi. Halikuwa neno. Halikufanana na neno lolote.

"Rudia."

Akarudia, ikatoka sauti tofauti na ile ya kwanza.

"Rudia tena, baba. Polepole."

Alimtaka arudie hivyo hivyo mpaka mwanaume yule akashindwa, akalalia usukani analia. Esteria hakulia. Alikuwa bado ameinama vilevile, anasikiliza.